Mwezi Wenye Kuya

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mjomba wangu huamka saa kumi na moja alfajiri kupiga pasi shati lake jeupe. Ni pasi ya makala, yaani ya makaa, kwa maana umeme wa mtaa wao huko Katuba hauna saa zake. Hutandika blanketi juu ya meza, hunyunyiza maji kwa vidole, huanza na kola, humalizia na mikono. Kisha huitoa bahasha ya kaki chini ya godoro, ile ambayo kona zake zimelainika kama kitambaa, na kuzihesabu karatasi zake moja moja: barua ya kuajiriwa, kadi ya kazi, hati za mishahara, barua ya kuachishwa. Akisharidhika kwamba zote zipo, hushika njia ya mjini kuuliza habari za malipo yake ya mwisho. Saa nane hivi hurudi. Huvua viatu mlangoni, hukaa chini ya mwembe, na ukimwuliza wamesemaje, jibu ni lilelile: "Mwipwa, banasema turudie mwezi wenye kuya."

Kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, huku Kongo, mwezi wenye kuya ni mwezi ujao. Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Leo nina watoto wawili, na nao wameyazoea kiasi kwamba wakimwona babu yao amevaa shati jeupe hawaulizi tena anakwenda wapi.

Deni lake na ofisi ile lina njia yake ya kudaiwa, na sitaliandika hapa. Kinachonikaa rohoni ni jiko.

Nyuma ya nyumba yao kuna kuta nne za matofali ya kuchoma zilizosimama tangu nikiwa sekondari. Hazina paa. Humo ndimo anamopikia mkaza mjomba wangu, ambaye sisi sote tunamwita Mama. Kiangazi hakuna shida. Lakini mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, hufunga turubai kwa kamba, moshi ukamrudia machoni, na ile mbabula, jiko letu la makaa, yenye sufuria ya bukari, yaani ugali, ikahamishwa kutoka kona hii hadi kona ile kukimbia matone. Jiko lile lilihitaji mabati manane. Nimelipima mwenyewe kwa futi. Wala si kwamba fedha haikuwahi kupita pale nyumbani. Ilipita, kidogo kidogo: kodi ya chumba cha nyuma, zawadi za watoto wakati wa sikukuu, mauzo ya maembe. Mjomba aliiweka kando kwa ajili ya nauli za kufuatilia faili, fotokopi na mihuri. Na kila mtoto wake alipopendekeza wanunue angalau mabati mawili waanze, alikataa kwa heshima zote: akilipwa, atajenga jiko zima kwa mara moja, lenye saruji chini na dirisha, jiko la kumstahili mkewe.

Alikuwa anasema kweli. Nia yake ilikuwa njema na upendo wake kwa mkewe sina shaka nao. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Tumaini lake zuri la kesho ndilo lililomwacha mtu anayempenda apikie mvuani kwa miaka mingi.

Watu wa mji huu hawakuzaliwa na tabia ya kungojea. Tulifundishwa, na mwalimu anajulikana. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, mji wetu ukaanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville. Mwanzoni wafanyakazi walikuja na kuondoka. Walikufa kwa maradhi, walitoroka, mikataba ilikwisha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili mwendo. Iliwaruhusu wafanyakazi kuja na wake zao, ikajenga kambi, ikatoa posho ya unga, ikafungua zahanati na shule. Mtoto alizaliwa katika wodi ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akaajiriwa na kampuni, na akifa sanduku lilitoka kwa kampuni. Wazee walikuwa na msemo wao: kampuni njo baba, kampuni njo mama, yaani ndiyo baba, ndiyo mama. Wengine wanausema mpaka leo, na ukimsikia mzee akiusema utajua kwamba anazungumzia wazazi waliokufa.

Malezi yale yalikuwa na bei yake. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma kudai nyongeza ya mshahara, askari wa kikoloni waliwafyatulia risasi katika uwanja wa mpira hapa mjini na kuua makumi. Baba yule alikuwa na fimbo. Lakini hata baada ya damu ile, mpango ulibaki uleule: wewe fanya kazi leo, kesho yako niachie mimi. Serikali ilipoichukua kampuni mwaka 1967 na hatimaye ikaitwa Gécamines, mpango haukubadilika sana. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka. Yakafuata machafuko, uporaji, madeni, mashine zisizo na vipuri. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000 kwa mwaka, na mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa. Mpango huo uliitwa "kuondoka kwa hiari".

Wachambuzi wengi wanaposimulia habari hii huhesabu mishahara iliyopotea. Mimi nadhani kilichopotea kikubwa zaidi ni yule aliyekuwa akiwaza kesho kwa niaba yetu. Na tabia haikuondoka pamoja naye. Tulibaki tumenyoosha mikono, tukitafuta nani mwingine wa kumkabidhi kesho yetu. Tulimpata, tena na tena. Rais Mobutu alikuwa amekwisha kutuahidi lengo la 1980, nchi ya neema ifikapo mwaka huo. Rais Joseph Kabila akaja na ile miradi mitano aliyoiita "cinq chantiers" mwaka 2006, kisha "mapinduzi ya usasa" mwaka 2011. Sasa kuna mpango wa maendeleo wa maeneo 145. Sisemi kwamba hakuna barabara iliyotengenezwa wala darasa lililojengwa. Nasema kila mpango umetukuta tumekaa katika mkao uleule.

Sikiliza vitenzi vyetu. Hili nimelifuatilia kwa muda mrefu, kwenye basi, kwenye matanga, kanisani, kwenye foleni za maji. Mtu wa Lubumbashi akizungumzia kesho yake, sikio lako litakamata: tutalipwa, tutaajiriwa, tutajengewa, tutaletewa, tutafunguliwa, tutakumbukwa. Ni kesho ya kutendwa. Mtendaji hayumo katika sentensi, na ukiuliza ni nani, unaonyeshwa juu kwa kidole, na hujui kama ni mbinguni au Kinshasa. Mtu huyohuyo akizungumzia leo, vitenzi vinabadilika: ninapika, ninauza, nafyatua matofali, namsindikiza mtoto, nalipa likelemba, yaani mchango wetu wa kupokezana. Hapo mtendaji yupo, ana mikono na ana jina. Naamini mahali mtu anapotenda ndipo anapoishi. Sisi tunatenda leo, lakini roho tumezihamishia katika ile kesho ya kutendwa.

Mwaka 1969 mwanatheolojia Mkenya John Mbiti aliandika kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una sehemu mbili, akazipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani, na kwamba wakati ujao wa mbali karibu haumo. Alipingwa, na mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana ni miongoni mwa waliompinga kwa hoja nzito. Mababu zetu siwezi kuwasemea. Ninachoweza kusema ni kwamba kama wao walipungukiwa na wakati ujao, sisi wajukuu wao wa mitaa ya Lubumbashi, yaani Katuba, Kenya, Kamalondo na Ruashi, tumeshindiliwa wakati ujao mpaka kooni. Tulichopungukiwa ni hiyo Sasa. Hatuna ruhusa ya kuiita maisha. Tunaiita "kwa sasa", kana kwamba ni kibanda cha kujihifadhia mvua huku nyumba yenyewe inajengwa kwingine: kwa sasa tunakaa hapa, kwa sasa nauza vocha, kwa sasa watoto wanasoma pale. Namfahamu mwanamke aliyesema "kwa sasa" juu ya nyumba aliyokaa miaka kumi na tisa na kuzalia watoto wanne.

Najua jibu litakalonijia, kwa sababu hunijia kila nikilisema jambo hili mbele ya watu. Wataniambia: nenda Kolwezi ukawaone wachimbaji wadogo, hao ndio wanaoishi leo. Anauza gunia lake kwenye depo saa kumi, saa nne usiku amekwisha kulimaliza kwa bia. Je, ndiko unakotupeleka?

Nimekaa Kolwezi miaka minne, kwa kazi ya kawaida ya ofisini, na wachimbaji walikuwa majirani zangu. Ninavyowajua mimi, mchimbaji haishi leo hata kidogo. Anaishi kwa ajili ya mshipa wa madini, ule mshipa mnene ambao kila mtu ana rafiki wa rafiki yake aliyeuangukia akanunua nyumba mbili na gari. Fedha ya leo anaitupa kwa sababu machoni pake si fedha yenyewe. Fedha yenyewe iko chini, mita chache zaidi, kesho. Na hiyo kesho inaamuliwa na watu asiowajua kabisa. Mwaka 2022 bei ya kobalti, madini ya kutengenezea betri, katika soko la London ilipita dola 80,000 kwa tani. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000, na serikali ikasimamisha kusafirisha kobalti nje ili kuiinua bei. Mtu aliyeshuka shimoni na kurunzi kichwani alibeba maamuzi hayo yote mgongoni bila kuyaona. Ulevi wake na subira ya mjomba wangu huonekana kama vitu viwili vilivyo mbali, lakini nikivitazama kwa karibu naona ni ugonjwa mmoja: leo haina thamani, cha maana hakijafika.

Nitaambiwa pia kwamba nadharau akiba. Akiba haiozi, wahenga walisema, na haba na haba hujaza kibaba. Ninakubali kwa moyo wote, na naomba tuziangalie methali hizo vizuri. Zote mbili zinazungumzia kitendo cha leo. Anayetia haba kibabani anaitia kwa mkono wake, na anaiona. Likelemba za wanawake wa sokoni zinafanya kazi kwa sababu hiyohiyo. Mama yangu mzazi ameshiriki likelemba ya wanawake kumi na wawili kwa miaka zaidi ya ishirini. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kikapu chote anapewa mmoja. Zamu ya mama ikifika anaijua, lakini si kitu cha kuota usiku. Anawajua wote kumi na wawili kwa majina, anajua nani mtoto wake anaumwa, nani ameanza kuchelewa. Ile ni kesho iliyoshikwa na mikono anayoweza kuisalimia leo. Itofautishe na kesho iliyomo katika bahasha ya kaki. Wala hakuna tajiri katika kikundi chao.

Ukitaka kuona leo inavyoheshimiwa, toka mjini wakati wa mvua, shika barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, au ya Likasi. Kando ya barabara utawakuta wanawake na watoto wamesimama na uyoga. Kuna ule mkubwa unaoota juu ya vichuguu vya mchwa, ambao kofia yake moja inaweza kufikia karibu mita moja kwa upana; wataalamu huutaja miongoni mwa uyoga mkubwa kuliko wote wa kuliwa duniani. Mtoto anaushika kama mwavuli. Mchwa ndio wanaoulima, chini kabisa ndani ya kichuguu, kwa majani na vijiti walivyovitafuna, na mvua ikishaloweka ardhi unatoboa na kutokea juu. Kichuguu hichohicho, kikiwa kimekufa, ndicho kinachotupa udongo mzuri wa kufyatulia matofali. Kwa hiyo nyumba nyingi za mji huu, na kuta za jiko la mjomba wangu zikiwemo, zimetoka kwa mchwa.

Mara ya mwisho niliponunua uyoga ule, muuzaji alikuwa msichana wa miaka kama kumi na minne. Nilimwambia niwekee, narudi jioni nikitoka Kasumbalesa. Alinitazama kwa mshangao. "Yaya, huyu hangojake," aliniambia. Yaani: kaka, huyu huwa hangoji. Akanigeuzia upande wa chini, akanionyesha yale mapindo meupe yaliyopangana kama kurasa, akayagusa kwa kidole kidogo. Kufika jioni yataanza kuwa ya kahawia, wadudu wataingia, na usiku utakuwa umelainika. Nikaununua palepale, nikaupeleka hadi mpakani na kurudi nao, gari zima likinuka msitu, na usiku ule tuliula wote na mchuzi wa karanga. Jirani alitumiwa bakuli. Hakuna aliyesema tuuweke kwa ajili ya wageni.

Msichana yule alikuwa ameifanyia leo hesabu yake yote: asubuhi ameuona, saa mbili ameuchuma, kabla ya jua kuzama auuze au wale nyumbani. Sitaki kuufanya umaskini wake uwe shairi. Anastahili kuwa darasani, na kama mama yake angekuwa na mshahara asingesimama kando ya malori. Ninachosema ni kwamba kati yangu na yeye, siku ile, mimi ndiye niliyetaka kuahirisha na yeye ndiye aliyeona kilichokuwa mkononi mwake.

Na mimi nina deni langu katika jambo hili, si la uyoga. Miaka ile minne ya Kolwezi nilimwacha mke na mtoto wa kwanza hapa Lubumbashi. Kilomita kama 300, barabara ya lami, ningeweza kurudi kila baada ya wiki mbili. Nilirudi mara chache. Nilikuwa na hesabu zangu: nauli hii nikiiweka, mkataba ukiisha tutakaa pamoja vizuri, nitampeleka mtoto huku na huku, nitakuwa baba wa kweli. Mkataba uliisha. Nilirudi nikamkuta binti yangu ana meno mapya mawili ya mbele, amekwisha kuacha lile neno lake la kuchekesha aliloitia maji, na anaponiona anamwangalia kwanza mama yake kama anayeomba ruhusa. Fedha niliyoweka ilinunua kiwanja upande wa Kasapa. Kiwanja kipo, nimekiwekea matofali, yameota nyasi. Lile neno aliloitia maji silikumbuki, na mke wangu naye halikumbuki sawasawa. Tulijaribu kulitafuta usiku mmoja, tukashindwa.

Makanisa yetu, ambayo mimi ni mtoto wao, yanaweza kutusaidia hapa kuliko yanavyofanya. Kila Desemba tarehe 31, katika mkesha, mwaka mpya hupewa jina: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa milango kufunguka. Watu huandika jina hilo ukutani. Januari inapita, Machi inapita, na wenye milango iliyofungwa wanaanza kujiuliza wamekosea nini. Lakini katika makanisa hayohayo, kila Jumapili, tunasali sala moja ambayo haiombi riziki ya mwaka. Inaomba ya leo. Ningependa kumsikia mhubiri mmoja asimame pale, usiku wa mkesha, alitulize kanisa kwa neno hilo moja.

Sasa kuhusu haki. Hapa nataka nieleweke, kwa sababu hoja kama hii ikichukuliwa vibaya inawafurahisha wanaodaiwa. Wapo watakaopenda sana tuwaambie wastaafu: sahauni ya nyuma, furahieni leo. Hapana. Kongo mwaka 2023 ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba, ya pili duniani nyuma ya Chile. Katikati ya mji wetu upo ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru, uliorundikwa kwa miongo mingi kando ya bomba la moshi la mita 153 kama takataka. Tangu miaka ya 2000 umekuwa ukisafishwa upya kutolewa kobalti. Hata takataka za baba zetu zina bei. Kwa hiyo anayedai jasho lake anadai kitu kilichopo. Na kudai ni kitendo cha leo: unaandika, unakusanyika na wenzako, unasimama mlangoni, unauliza jina la aliyekuhudumia, unaliandika. Kinachomwua mtu ni kule kugeuza dai kuwa tumaini, kukaa chini ya mwembe na kulisubiri, na kuliacha lile dai liyale mengine yote ya nyumbani. Mjomba wangu alikuwa na haki ya kudai miaka yote ile, na Mama alikuwa na haki ya paa miaka ileile. Moja halikupaswa kulingoja jingine.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, binamu zangu watatu nami tulikubaliana. Hatukumwomba ruhusa, jambo ambalo katika familia yetu si dogo. Tulichanga, tukapata mabati matano. Hayakutosha, na tulijua hayatoshi. Tulifika Jumapili mchana na mbao na misumari. Mjomba alitoka, akayaangalia mabati yaliyoegemezwa ukutani, akahesabu kwa kidole.

"Mbona matano? Inaomba nane."

"Njo yenye iko, Mjomba," binamu mkubwa alimjibu. Ndiyo yaliyopo.

"Mungengoja. Mwezi wenye kuya pengine banaweza..."

Hakuimalizia. Mama alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa chake kichwani, ameshika mwiko, na hakusema neno lolote. Alituangalia sisi, akayaangalia mabati. Mjomba aligeuka akamwona. Alisimama hivyo kwa muda, kisha akaingia ndani, nasi tukadhani amekasirika. Alitoka amevua shati, amebaki na fulana, na mkononi ana nyundo yake ya zamani yenye mpini uliofungwa mpira. Alitunyang'anya kazi. Alituambia mbao tumezipanga vibaya, maji yatarudi ndani, akazipanga upya mwenyewe, akapanda ngazi akiwa na umri wa miaka sabini na moja huku sisi tukiishika kwa hofu. Aliweka misumari mdomoni kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo.

Mabati matano yalifunika upande wa mbabula na meza. Upande mwingine, penye ndoo, umebaki wazi mpaka leo. Mawili zaidi tumekwisha kuyanunua, bado moja.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata alipiga pasi shati lake kama kawaida. Nilimpeleka kwa gari, nikaingia naye, nikaandika kwenye daftari jina la aliyetupokea na tarehe. Tuliporudi saa nane mvua ilikuwa imeanza. Mama alitupa chai ndani ya jiko, tukiwa tumebanana upande ule wenye paa, kelele za mvua juu ya bati zikiwa kubwa mno kiasi kwamba nilipomwuliza Mjomba swali alilazimika kuniinamishia sikio.

"Nasema, sukari inatosha?"

Akaniitikia kwa kichwa, akasogeza kigoda ili Mama naye apate pa kukaa.